Samaki Asiye na Mshono

Perege nilimjua kwanza kwenye karatasi. Wakati wa mafunzo ya ualimu nilimchora ubaoni mbele ya kidato cha pili kwa chaki za rangi: matamvua mekundu, ini la kahawia, kifuko cha nyongo cha kijani, na mshale kwa kila kiungo. Mkaguzi aliyekaa dawati la nyuma akaniandikia kwamba mchoro wangu ni safi. Kwenye maabara ya chuo aliyemshika samaki alikuwa mwenzangu. Mimi nilishika kalamu. Nikahitimu hivyo. Nilikuwa na shahada ya kufundisha baiolojia, na sikuwahi kutia kidole ndani ya samaki hata mmoja.

Sababu ilikuwa nyumbani. Nimekulia upande wa magharibi wa Mlima Meru, kwa Waarusha wa ng'ombe na mahindi. Koko, ndivyo tunavyomwita bibi kwetu, alikuwa akisema samaki ni nyoka aliyekimbilia majini. Hakusema kwa utani. Mjomba alipoleta kopo la samaki kutoka mjini, koko alilisukuma kwa fimbo mpaka nje ya ua, mbali na vibuyu vya maziwa, akanawa mikono ingawa hakuwa ameligusa. Nilikua nikijua kwamba hayo ni mambo ya wazee. Lakini kujua ni jambo moja, na tumbo ni jambo lingine.

Baada ya kuhitimu nilipanga chumba mjini, mtaa wa Daraja Mbili, nikawa nafundisha watoto wawili watatu wa jirani na kusubiri ajira. Kusubiri hakunifai. Mimi ni mtu wa kuwaza. Nikituma barua ya maombi, asubuhi yote inayofuata najiuliza kama baada ya YAH niliweka nukta mbili au nilisahau, na kama aliyeisoma alicheka, na kama alimwonyesha mwenzake. Mtu akiniambia "tutaonana", nabaki nikipima alivyolisema.

Katika ua ule, chumba cha pembeni karibu na bomba, aliishi mama mmoja wa makamo aliyekuwa na kibanda cha chakula cha mchana Ngarenaro, mbele ya karakana za wachomeleaji na mafundi magari. Kila asubuhi bodaboda alimletea ndoo ya perege wadogo wa bwawa la Nyumba ya Mungu, wamelazwa kwenye barafu, wengi hawazidi kiganja. Yeye alitoka Ukerewe na hakuwahi kuwaita perege. Aliwaita sato, tena kwa kuwaonea huruma.

"Hawa kwetu tungewarudisha ziwani wakakue kwanza," alisema kila alipofunua ndoo. Halafu akaketi kwenye kigoda, akaweka beseni mbele yake na kuanza.

Nilianza kumtazama kwa sababu sikuwa na kazi. Niliendelea kumtazama kwa sababu sikuwahi kuona mtu anafanya kitu vile. Alimpara samaki kwa mgongo wa kisu, kutoka mkiani kwenda kichwani, mara nne upande huu, mara nne upande ule, na magamba yote yaliruka yakatua kwenye kipande kilekile cha gunia. Akakata mapezi. Akatoboa kidogo sana, kwa ncha ya kisu, kwenye tundu la haja. Mpaka hapo nilijiambia kwamba hata mimi ningeweza. Kisha akaweka kisu chini. Akaingiza kidole chini ya shavu la samaki, akatafuta kitu ambacho sikukiona, akazungusha kifundo cha mkono mara moja na kuvuta. Matamvua yakatoka, na nyuma yake utumbo wote, umeshikana kama shanga kwenye uzi, na katikati yake kile kifuko cha kijani nilichokichora ubaoni. Kilikuwa kizima, kinang'aa, hakina hata tone lililovuja. Tumbo la samaki lilibaki halijapasuliwa.

Samaki huyo mafundi wa Ngarenaro walimwita samaki asiye na mshono, na walivuka barabara kumfuata. Samaki aliyepasuliwa tumbo hukaushwa na mafuta akawa kama ubao. Wa mama alibaki na maji yake. Ukimfungua kwa vidole, mvuke ulitoka kana kwamba ndio kwanza anapumua. Mwenzake wa kibandani, aliyesonga ugali na kukaanga, alikuwa hodari wa kila kitu isipokuwa hiki.

"Yule anapasua samaki kama anafungua begi," mama alisema.

Ilikuwa Julai, mwezi ambao mlima huonekana siku moja na kujificha wiki nzima, na maji ya bomba yanauma mpaka mfupani. Kabla ya kuanza kazi mama alishika kikombe cha chai kwa mikono miwili, bila kunywa, mpaka kikapoa. Nilimuuliza kwa nini hainywi.

"Hii ni ya vidole," alisema. "Mkono wa baridi hauoni."

Neno hilo lilikaa nami siku mbili. Nililigeuza kila upande, kama ninavyogeuza maneno yote, na safari hii kuwaza kulinisaidia. Nikagundua kwamba kisu chake kilikuwa daima mahali pamoja, kwenye kona ya kulia ya gunia, na jirani alipokisogeza kidogo mkono wa mama ulipapasa hewani. Nikagundua kwamba alikuwa akinijua kwa ndala zangu. Siku niliyotoka na viatu alisema "karibu mgeni" kabla sijamsalimu. Nikagundua kwamba hakuwa akiwatazama samaki kabisa. Uso wake ulielekea mlimani, hata siku ambazo mlima haukuwapo.

Asubuhi moja nilipomwambia "Shikamoo mama," aliitikia "Marahaba" na kunipa karatasi iliyokunjwa mara nne.

"Nisomee hapa, mwalimu. Miwani sijui nimeiweka wapi."

Sikuwahi kumwona na miwani. Ilikuwa karatasi ya hospitali. Alikuwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili, na la kulia lilipangiwa upasuaji baada ya wiki mbili. Juu kulikuwa na tarehe mbili za nyuma zilizokatwa kwa kalamu, na mbele ya kila moja limeandikwa neno moja: hakufika. Chini daktari aliandika kwamba asichelewe tena, kwa sababu mtoto wa jicho akikomaa sana kazi huwa ngumu. Baada ya upasuaji, mwezi mzima bila moshi, bila vumbi, bila kuinama kwenye beseni.

Nilisoma yote kwa sauti. Niliposoma "hakufika" mara ya pili, alitabasamu kama mwanafunzi aliyekamatwa.

"Unaona vipi sasa?" niliuliza.

"Naona mwanga na naona kivuli. Wewe ni kivuli kirefu. Nikisogea karibu sana naona rangi."

"Na samaki?"

"Samaki simwoni mwaka wa pili huu."

Nilikaa chini kwenye saruji. Ndoo ngapi zilipita mbele yangu, na mimi nikidhani natazama mkono wenye mazoea, kumbe natazama mkono unaosoma gizani. Hakuna aliyejua, hata mwenzake wa kibandani.

"Utakwenda?" nilimuuliza.

"Nani atasafisha? Nikifunga mwezi mmoja, wale mafundi watazoea chipsi mayai. Mtu akizoea chipsi mayai humrudishi." Alisema kwa mzaha, lakini akaikunja karatasi mara nne tena na kuiweka chini ya kigoda. "Na nikiwaletea samaki wa begi watakula siku mbili, ya tatu watavuka barabara. Kibanda hicho ndicho nilicho nacho, mwanangu. Jicho linaweza kungoja."

Ndipo nikasema, "Nitakusafishia mimi."

Mpaka leo sijui sentensi ile ilitokea wapi. Kwa kawaida kabla ya kusema jambo dogo kuliko hilo napitia kwanza sababu zote za kunyamaza. Mama alicheka mpaka akashika beseni.

"Mwarusha na samaki! Ng'ombe wenu wakisikia je?"

"Wako mbali."

"Haya. Wiki mbili. Ukiweza kunivutia ndoo moja bila kupasua nyongo, nakwenda. Ukishindwa, sisikii tena habari za hospitali kwako, wala usinihubirie."

Hivyo jicho la mtu likawa mkononi mwangu, na mkono wenyewe ulikuwa haujawahi kugusa samaki.

Siku ya kwanza nilivaa mifuko ya plastiki mikononi. Mama alisikia ikichakarisha akaniamuru niivue. Nilikuwa pia na daftari. Nilitaka kuandika kila hatua, kidole kinaingia kiasi gani, kinapinda upande upi. Nilimuuliza kama nyongo hukaa kulia au kushoto kwa samaki wa bwawani.

"Unamsafisha au unamwandikia barua?" aliuliza. "Lete mkono."

Akakishika kidole changu kinachofuata gumba, akakibonyeza.

"Hiki kinaitwaje?"

"Kidole cha shahada."

"Basi. Shahada nyingine umeipata chuo. Hii hapa tuitafutie kazi."

Aliniwekea kidole ndani ya shavu la samaki na kuweka chake juu yake. Kulikuwa na ubaridi, utelezi, halafu miiba midogo ya matamvua kama meno ya kitana. Nilifikiria koko na fimbo yake. Nilifikiria mkaguzi wangu. Nilifikiria kwamba nikipata ajira kesho, haya yote yatakuwa bure. Mama alihisi kidole kimekauka kama kijiti.

"Umekwenda wapi?"

"Nipo, mama."

"Hupo. Fumba macho. Ukiangalia unaogopa, na ukiogopa unavuta kwa nguvu. Tafuta shina. Umelipata? Pale matamvua yanaposhikana na koo. Zungusha kama unafunga bomba. Sasa vuta, ukimsikiliza."

Nilivuta. Matamvua yalikatika, utumbo ukabaki ndani. Wa pili hivyohivyo. Wa tatu alitoka nusu, na maji ya kijani yakanichuruzikia mpaka kwenye kiwiko. Mama alinusa hewa.

"Huyo amekufa mara mbili," alisema, akamtupia paka.

Paka wa ua ule alinenepa wiki ile. Mikono yangu ilinuka hata niliponawa kwa limau na majivu, kama mama alivyonifundisha, na watoto niliowafundisha hesabu walisogeza viti. Lakini kila asubuhi nilishika kikombe cha chai mpaka kikapoa, nikafumba macho, na kidogo kidogo ndani ya samaki pakawa mahali ninapopajua. Ini ni laini na halishiki. Utumbo mwembamba unateleza kama uzi uliolowa. Nyongo ina ugumu wake, kama punje ya hindi bichi, na ukiivuta taratibu inakufuata. Hakuna mshale ubaoni ungeweza kunieleza hilo. Na nilipokuwa nikitafuta punje ile, sikuwaza barua wala nukta mbili. Kichwa changu kilinyamaza, jambo ambalo halikuwa kawaida yake.

Mama alisafisha wake pembeni yangu. Nilipata mmoja, yeye alikuwa na sita. Hakujisifu wala hakuharakisha. Niliposhindwa alisema "mwingine", kwa sauti ileile aliyotumia niliposhinda.

Siku tatu kabla ya tarehe ya hospitali aliniachia ndoo nzima. Alikaa mlangoni kwake, mikono ameifumbata, akasikiliza. Nilikwenda vizuri mpaka karibu na mwisho. Walibaki samaki wanne au watano pale kidole kiliposikia punje inapasuka. Haikutoa sauti, bali ulegevu tu, hindi bichi likiachia maziwa yake. Nilifumbua macho. Ncha ya kidole ilikuwa ya kijani.

Hapa ndipo nilipofanya kosa ambalo nadhani mtu wa ziwani asingelifanya. Nilionja kidole. Kilikuwa kichungu. Na ule uchungu niliujua. Kwetu mbuzi akichinjwa, babu alidondoshea nyongo kwenye supu yake, juu ya mizizi iliyokuwa tayari ni michungu, akanipa mimi kijiko cha kwanza kwa sababu nilikuwa mgonjwamgonjwa. Kichungu kwetu ni dawa. Kichungu ni chakula kinachokujali. Miaka yote nilikuwa nimeambiwa "nyongo isipasuke" nikadhani ni suala la ustadi na usafi, kama kutoacha gamba. Haikunijia kwamba samaki mwenye nyongo haliki.

Niliwaza, bila shaka. Niliwaza muda mrefu nikiwa nimemshika yule samaki, na nikafika mahali pabaya kwa hatua zilizopangika vizuri: tumbo halina mshono, nje ni safi, na ndani kuna uchungu kidogo ambao ni afya. Nikamsuuza, nikampaka chumvi na limau, nikamlaza siniani pamoja na wenzake. Na aliyemfuata pia, maana baada ya kutishika nilimpasua naye vilevile.

"Imekwisha?" mama aliuliza.

"Imekwisha, mama."

"Salama?"

"Salama."

Mchana kibandani nilibeba sahani. Mteja wa kwanza alikuwa mzee Mwarusha, mlinzi wa karakana moja, aliyeanza kula samaki uzeeni na kwake hakuwaambia. Alinisalimia kwa Kimaasai, "Takwenya," nami nikaitikia "Iko," kama inavyotakiwa msichana amwitikie mzee. Alimfungua samaki wake, akatafuna polepole, akasimama kutafuna, akaendelea. Alilamba vidole.

"Leo samaki ana maana," alisema. "Kama kuna mwingine wa hivi, niwekee."

Nilifurahi kupita kiasi. Nilikuwa bado nimefurahi pale fundi mchomeleaji, kijana wa Musoma, miwani yake ya kazi imepandishwa kwenye paji la uso, alipotia tonge la kwanza mdomoni. Hakutafuna. Aliinuka, akaenda mtaroni, akatema, akarudi na kuweka sahani mezani taratibu, kama mtu anayeweka mtoto aliyelala.

"Mama," aliuliza kwa upole, "leo unaumwa?"

Upole ule uliniuma kuliko ambavyo tusi lingeniuma. Mama aliomba sahani, akamega, akaonja. Uso wake haukubadilika. Nilisimama na jagi la maji mkononi nikingoja anitaje.

"Mkono wangu umeteleza, mwanangu," alisema. "Lete sahani nikubadilishie."

"Tangu nianze kula hapa haijatokea."

"Ndiyo imetokea."

Fundi alikuna kichwa. "Basi. Hata mimi juzi nilichomelea geti la mtu, maua yakakaa miguu juu."

Watu wakacheka, wakarudi kwenye sahani zao. Lakini niliwaona wawili wakiwafungua samaki wao kwa uangalifu na kunusa kwanza, jambo ambalo hakuna aliyewahi kulifanya kwa samaki wa mama yule. Kwa miaka yote aliyosafisha, hata miwili ya gizani, mikono yake haikumpa mtu sababu ya kunusa. Mimi nilikuwa nimewapa sababu hiyo kwa ndoo moja.

Tulirudi nyumbani. Alisugua beseni lake kwa majivu, akalisuuza, akaliegemeza ukutani.

"Ile karatasi irudishe kwenye bahasha," alisema. "Nitawaomba wanipangie tarehe nyingine."

Tarehe ya tatu ingekatwa kwa kalamu na kuandikwa hakufika, na sababu ningekuwa mimi. Nilikuwa na njia ya kunyamaza. Alidhani nimepasua bila kujua, kosa la mwanafunzi, na ningeweza kumwacha adhani hivyo.

"Mama, nilijua," nilisema.

"Ulijua nini?"

"Kwamba imepasuka. Mbili. Nilijua nikakwambia salama."

Alikaa kwenye kigoda. "Ulijua lini? Ulipoona rangi?"

"Kabla. Nilikuwa nimefumba macho. Kidole kilisikia."

"Kilisikiaje?"

"Kama hindi bichi likipasuka."

"Ukamwacha. Kwa nini?"

"Nilionja. Nikaona ni kizuri."

"Uliona nini?"

"Kizuri, mama. Kama supu ya babu."

Ikabidi nimweleze yote: mbuzi, mizizi, kijiko cha kwanza. Nilieleza haraka na vibaya, nikirudia maneno, na nilipofika kwa mzee mlinzi aliyelamba vidole, mabega ya mama yalianza kutikisika. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka, bila sauti, machozi yakitoka kwenye macho yale mawili yenye ukungu.

"Nimemtafuta mtu miaka miwili," alisema alipoweza. "Mungu ananiletea Mwarusha anayelamba nyongo."

"Samahani, mama."

"Samahani ya ule uongo naipokea. Usiniambie tena salama ambayo si salama. Mimi naona kwa mdomo wako." Alijifuta macho kwa pindo la khanga. "Lakini sikiliza. Mwenzangu wa kibandani amepasua nyongo tangu nimjue, na hajasikia hata moja. Yeye husubiri wateja wamwambie. Wewe umesikia zote mbili, tena macho umefumba. Mkono wako haukushindwa. Ulioshindwa ni ulimi, na ulimi sijaja kuutafuta hapa."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo ukisikia hindi, usiwaze. Usionje. Usianze mashauriano. Mweke pembeni." Akafikiri. "Usimtupie paka. Mweke kwenye kile kifuniko cha sufuria, mpelekee mzee wako."

Asubuhi ya tarehe ile aliondoka kwenda hospitali na mwenzake wa jumuiya kanisani, amevaa gauni la Jumapili. Hakunipa maelekezo. Alisimama langoni, akageuka upande niliokuwa, akasema, "Chai ya vidole usiisahau," basi.

Siku ile niliwaza kila kitu kinachoweza kuwazwa, mpaka kidole kilipoingia kwenye samaki wa kwanza. Watatu walikwenda kwenye kifuniko. Fundi wa Musoma alimnusa wake, akanitazama, akala, akaomba ugali wa nyongeza, na mimi ilinibidi niende nyuma ya kibanda nikashike nguzo kidogo.

Mama alirudi kesho yake na kipande cheupe juu ya jicho. Kwa mwezi ule alikaa chumbani mwake, pazia limeshushwa kuzuia vumbi, nami nikafanya kazi chini ya dirisha lake. Hakuniona, lakini aliisikia kazi yangu. "Huyo umemvuta kabla ya kuzungusha," alisema kupitia pazia. Au, "Kisu chako kimekufa, kinoe." Mara moja, nilipokuwa nimesafisha nusu ndoo mfululizo bila yeye kusema kitu, nilimuuliza kama amelala. "Nipo," alisema. "Sina la kusema." Nimepokea vyeti, na hakuna kilichonikaa moyoni kama hicho. Wiki ya mwisho kifuniko kilibaki kitupu siku nne, na mzee mlinzi aliniambia kwa huzuni kwamba nimeanza kuharibu kazi.

Mwezi ulipokwisha, na daktari kumruhusu, mama alitoka na kigoda chake. Kulikuwa na jua na mlima ulikuwa wazi mpaka kileleni. Aliutazama kwanza, kwa jicho la kulia, halafu akanitazama mimi.

"Kumbe mfupi," alisema.

Akafunua ndoo. Alimtoa samaki mmoja akamsogeza karibu, akamgeuza huku na huku, akapitisha kidole ubavuni mwake.

"Wana mistari," alisema taratibu. "Nilikuwa nimesahau kwamba wana mistari."

Alimpara akimtazama. Magamba yalitawanyika nje ya gunia. Alitoboa, akaweka kisu chini, akainamisha kichwa achungulie ndani ya shavu, mahali ambapo hakuna la kuona, akazungusha na kuvuta. Sote wawili tulijua kwa wakati mmoja. Mimi nilijua kwa bega lake. Aliinua kidole. Kilikuwa cha kijani.

Nilijifanya natafuta limau.

Alinusa kidole, akakisuuza, akamlaza yule samaki kwenye kifuniko cha mzee. Kisha akaweka miguu sawa, akainua uso kuelekea Meru iliyokuwa wazi kama haijawahi kufunikwa, na akafumba macho. Mkono ukashuka ndooni peke yake. Magamba yakaanza kutua pale kwenye gunia, na samaki wakaanza kufika siniani, mmoja nyuma ya mwingine, bila mshono.